Kemi Haimbi

Tulimzika Ta Laurenti kwenye kibanja chake hapa Muleba, pembeni ya migomba aliyokuwa akiisifia kuliko wanawe. Kwaya aliyoifundisha tangu nikiwa mtoto iliimba mpaka sauti zikakauka, na sauti ya pili ilipokosea, watu wazima walitazamana kama wanaosubiri kugombezwa. Jioni, waombolezaji walipopungua, mjane wake, Ma Adventina, aliniita chumbani. Akafungua kikoba cha ukindu ambamo mzee aliweka akamwani, zile kahawa za kutafuna tunazowakaribisha nazo wageni, akatoa flashi iliyofungwa kwenye kamba ya kiatu. "Alisema hii akabidhiwe Kemi," akaniambia. "Mimi sijui imebeba nini. Najua tu haikutoka shingoni mpaka alipolazwa." Niliishika nikaona machozi yananitoka, mimi ambaye siku nzima nilikuwa nagawa chakula na kupanga viti kama askari. Nikaitia kwenye mkoba, nikanawa uso, nikarudi kwa watu.

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa na Koku, binti wa kaka yangu, ambaye ninaishi naye na sasa yuko mwaka wa mwisho chuoni Bukoba. Ili kunitoa kwenye huzuni alinianzishia hadithi ya mambo yake. Chuo kimewaazima kompyuta, sasa kinazitaka zirudi muhula ukiisha, na wenzake wengine wanahangaika kupata za kwao. "Shangazi, hivi bora ipi, ya chuo au ya kwako mwenyewe?" Nilicheka barabarani, na nguo zangu za msiba, mpaka dereva wa bodaboda aliyekuwa anatupita akageuka kututazama. Koku alidhani nimechanganyikiwa. Hakujua kwamba nilipokuwa na umri wake swali hilohilo lilinitesa mwaka mzima, na kwamba jibu lake lilikuwa limelala kwenye mkoba wangu.

Wakati huo mimi na mwanachuo mwenzangu Salama tulikuwa tumepanga chumba kimoja Nshambya, pale Bukoba, uani kwenye nyumba ya watu, kwa sababu mabweni ya chuo chetu cha ualimu yalikuwa yamejaa. Vitanda viwili, meza moja, dirisha linalotazama mibuni. Mvua ikinyesha mibuni ile ikachanua, chumba kilinukia vizuri kiasi cha kutusahaulisha bati lililokuwa linavuja juu ya kitanda changu. Ukuta wa kututenga na jirani haukufika juu, kwa hiyo tuliyajua mambo yake yote, na bila shaka naye aliyajua yetu. Alikuwa fundi cherehani anayesali rozari huku anashona, na akifika mahali pagumu pa nguo, rozari ilisimama, yakafuata maneno ambayo hayamo kwenye rozari. Salama, Mwislamu wa mjini Bukoba ambaye babu zake walitoka pwani, alikuwa ananong'ona, "Leo ni kola." Ijumaa alikwenda kwao akarudi na pilau kwenye hotipoti. Siku nyingine tulikula ndizi zangu za kutoka Muleba, nilizopika na maharage kwenye sufuria moja, na yeye akilalamika kila mara kwamba sisi Wahaya hatujui kuweka nazi, kisha anakomba mpaka ukoko.

Kompyuta yangu niliipata kwa mama mdogo aliyekuwa Mwanza. Ilikuwa imetumika sana kabla yangu. Betri yake ilikata roho ukimaliza salamu, na herufi moja haikubonyea mpaka uikandamize kwa kidole gumba. Lakini ilikuwa yangu, na nilitembea nayo Bukoba nzima begani kama mtu anayekwenda kwenye mkutano. Mwaka ule kila mwanachuo wa mwisho alitakiwa kuwasilisha ripoti ya utafiti. Bila ripoti huingii kwenye mtihani, na usipofanya mtihani unarudia mwaka. Wenzangu wengine wangerudia wakamaliza. Mimi nilijua nikirudi nyumbani mikono mitupu sitapelekwa tena, na ualimu utakuwa umeishia hapo. Nilikuwa nimechagua kuandika jinsi watoto wa darasa la kwanza wanavyotoka kwenye Kihaya cha nyumbani na kuingia kwenye Kiswahili cha shule. Kwenye mafunzo ya vitendo nilikaa nyuma ya darasa shuleni karibu na kwetu Muleba, nikaandika kila walichosema. Kulikuwa na katoto kalikoulizwa mama amepika nini, kakaeleza chakula chote kwa Kihaya, na uji, na nani alimwaga, kisha kakasimama wima na kumalizia kwa Kiswahili safi, "Asante mwalimu, nimemaliza." Nikachapa yote kwenye kompyuta yangu. Makaratasi niliyoandikia kwa kalamu niliwashia jiko la mkaa, kwa raha zangu, kwa kuwa mimi nilikuwa mtu wa kompyuta.

Tatizo ni kwamba kompyuta yangu haikuwa yangu. Kwetu hakukuwa na umeme bado, na mwenye sola kubwa alikuwa Ta Laurenti, kwa hiyo kila likizo ilibidi niipeleke kwake ichajiwe, yaani ikae sebuleni kwake mchana kutwa imechomekwa. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam alikuwa amemletea televisheni, deki na flashi, na wakati huo mtu akifunga ndoa, mpiga picha alileta video kwenye sahani ya DVD, nasi tukaiingiza kwenye kompyuta ili kila mwenye ndugu kwenye harusi ile apate nakala. Ukiwa na kitu cha furaha halafu ukamnyima jirani, huku kwetu wanakusema mpaka kwenye ubatizo wa mtoto wako. Basi zikaja harusi, zikaja jubilei za masista, zikaja nyimbo za kwaya na mahubiri ya maaskofu. Nilikuwa nikifika kuichukua nakuta watu wameketi kuizunguka, na mimi naulizwa, mwenye mali, kama ninaweza kusogea kidogo maana ninawaziba. "Ni ya Kemi wetu," walikuwa wakiwaambia wageni kwa fahari, na kwenye neno hilo "wetu" mimi nilikuwa nakunja uso.

Muhula wa pili chuo kilitoa kompyuta zake kwa wale wasio na zao. Salama alipata. Mimi nilipokwenda kuomba niliambiwa, "Wewe unayo," nikarudi Nshambya nimenuna. Ile ya chuo ilikuwa mpya, nyembamba, imechorwa namba nyeupe mgongoni kama ng'ombe wa josho. Matundu ya flashi yalikuwa yamefungwa, huwezi kuweka programu, huwezi kutoa kitu mpaka ukachape chuoni. Kubwa kuliko yote, hakuna aliyethubutu kuigusa. Yule jirani fundi alipoingia kuomba chumvi alizunguka meza kwa mbali. "Mali ya chuo hiyo," alisema, "ikipata hata mkwaruzo tutaitwa sote." Niliitazama nikaionea wivu. Ya kwangu ilikuwa ya ukoo, parokia na kijiji, na hii ambayo haikuwa ya mtu ilimwachia Salama nafasi yote aliyoitaka. Tatizo Salama hakuitaka nafasi hiyo. Alikuwa ameanza kutengeneza kadi za harusi, za mashoga zake wa mjini, na ile ya chuo haikumruhusu hata kubadilisha rangi ya maua. Siku moja tukiwa tunachambua mchele aliniambia, "Kemi, tubadilishane. Wewe chukua hii jela uandike, mimi nipe hilo gulio." Tukabadilishana hapohapo, mchele ukiwa bado kwenye ungo.

Wiki zile zilikuwa tamu. Nilihamishia ripoti yangu kwenye ile ya chuo kwa kumwomba mkufunzi wa kompyuta anifungulie, nikaendelea nayo, hakuna anayeniomba kusogea. Nilimaliza sura ya nne. Nakumbuka ile meza, kikombe cha chai ya rangi, mvua, na mimi naandika sentensi baada ya sentensi huku najiona mwalimu kabisa. Kompyuta yangu kwa Salama ilianza kuugua. Flashi za Muleba nzima zilikuwa zimeijaza virusi, kila folda ikageuka kivuli kisichofunguka. Salama akaamua kuipeleka kwa fundi karibu na soko ipigwe windo upya, yaani ifutwe yote na kuanza moja. Alisimama mlangoni ameshaibeba, akaniuliza, "Kemi, kuna chako cha maana humu?" Sikuinua hata kichwa. "Hakuna. Cha kwangu kiko kwenye ya chuo." Akaenda.

Kilichofuata hakikuwa na mbaya wala mwenye nia mbaya, na labda ndiyo maana kiliniuma zaidi. Kabla ya likizo ya Pasaka chuo kilikusanya kompyuta zake zote ili zisafishwe. Tangazo lilikuwa ukutani siku nyingi, waliopewa watoe vyao mapema. Mimi sikuwa miongoni mwa waliopewa, kwa hiyo macho yangu yalilipita kila siku. Salama alilisoma, lakini alijua mimi mtu makini, akadhani nimeshachapa. Alirudisha mashine asubuhi nikiwa darasani, na mchana tuliipokea tena ikiwa tupu, inang'aa, kama siku ya kwanza ilipotoka kwenye boksi. Nilifungua hapa, nikafungua pale. Nikamgeukia Salama, yeye akaigeukia ile yangu iliyotoka kwa fundi, kisha tukatazamana. Upande wa pili wa ukuta, rozari ikasimama. "Jamani, kuna nini huko?" aliuliza fundi cherehani. Salama alianza kulia kabla yangu.

Nilikwenda kwa Madamu Winifrida, mkufunzi aliyenisimamia, mwanamke mwenye sauti ya upole ambayo haikumaanisha upole. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Pole sana," akasema. "Lakini mwanangu, mimi siwezi kusahihisha pole. Chuo kikifunguliwa baada ya Pasaka, ripoti iwe mezani." Wiki mbili. Watoto wa darasa la kwanza nao walikuwa wamefunga shule, na hata kama ningewapata, mtoto haongei mara ya pili alivyoongea mara ya kwanza. Kwao Salama, kule mjini, mama yake alitukaangia samaki, akatupakulia, akatutazama tusivyokula. "Mimi kompyuta sijui," alisema, "lakini kitu mlichokipenda hivyo, inakuwaje kiwe mahali pamoja tu?" Nilimwona anaongea maneno ya watu wasiojua shida ya kusoma. Kesho yake nikapanda basi la Muleba na kompyuta yangu tupu begani, kwenda kuwaambia nyumbani kwamba imeshindikana.

Sikuweza kuwaambia. Jumamosi ile niliichukua kompyuta nikaenda kwa Ta Laurenti, eti kuchaji, ili mradi nisikae na mama jikoni akaniuliza chuo kinaendeleaje. Nilipofika uani nilisikia sebule imejaa kama kawaida na watu wanabishana. Kompyuta yangu ilipokuwa haipo, mzee alitumia deki, flashi imechomekwa kwa mbele, na rimoti anayo mwenyewe, hampi mtu.

"Hapo, hapo, Ta Laurenti, rudi juu kidogo. Harusi ya Byera ilikuwa juu."

"Nimebonyeza. Inaleta Kemi."

"Kemi gani tena?"

"Kemi wetu. Kila nikishuka yumo tu. Nikimbonyeza, haimbi."

"Jaribu tena, waitu, labda amechoka."

Watu wakacheka. Ma Adventina, aliyekuwa anamenya ndizi kwenye baraza, akaniona nimesimama na mdomo wazi. "Karibu ndani, mwana wange," alisema, "wanakutafuta kwenye televisheni." Niliingia bila kuamkia mtu, jambo ambalo kwetu si dogo. Kwenye kioo kulikuwa na orodha ya mafolda, jubilei, Byera, ekaristi, na katikati yake, kwa herufi kubwa nilizoziandika mwenyewe, KEMI RIPOTI. Nilionyesha kwa kidole tu, kama wale watoto wangu wa darasa la kwanza. "Kasinge waitu, Ta Laurenti," nikasema mwishowe, salamu ikinitoka kwa kuchelewa, "hiyo umeipata wapi?" Mzee akaona aibu, akadhani ninamshitaki kwa wizi. "Bojo Kemi, usikasirike. Kijana wangu alinifundisha njia moja tu. Shika yote, nakili, bandika. Kila nikichukua harusi kwenye kompyuta yako, nilishika yote. Kuchagua chagua mimi sijui."

Nilichomeka flashi kwenye kompyuta, na watu wote wa harusi ya Byera wakiwa wamesimama nyuma yangu. Sura ya kwanza ilifunguka. Ya pili. Ya tatu, pamoja na katoto kalikosema asante mwalimu nimemaliza. Ya nne haikuwemo, hiyo niliiandikia Nshambya kwenye ile mashine isiyoguswa. Nililia mbele ya watu, na Ta Laurenti, ambaye hakuelewa bado, aliendelea kuniomba radhi. Nilipomweleza alivuta kikoba chake, akanipa akamwani mkononi kama mgeni wa heshima. Kisha akatangaza kwamba sebule yake haitaonyesha harusi mpaka Kemi amalize sura yake, na asiyeridhika akatafute sola pengine.

Sura ya nne niliiandika upya pale. Nilitegemea nitapata utulivu, lakini watu walikuja vilevile, wakaketi kwenye viti vilevile, wakanitazama ninavyochapa kimya kimya kama video. Mara moja moja mtu alinong'ona, "Sasa anafuta," na mwingine, "Anarudi nyuma huyo." Nilipokwama mahali pa kueleza mtoto hujisikiaje siku ya kwanza anapoambiwa Kihaya kibaki nje ya mlango, nilijikuta ninawauliza. Kumbe kila mmoja alikuwa na siku yake hiyo. Ma Adventina alieleza alivyobana mkojo asubuhi nzima darasani kwa kukosa neno la kuomba kutoka, akacheka mpaka akaweka chini sahani. Baba mmoja alisema yeye alinyamaza mwaka mzima, mwalimu akadhani ni bubu. Sura ile niliyoiandika upya ilikuwa bora kuliko iliyopotea. Madamu Winifrida aliisoma, akaweka kalamu chini, akaniuliza, "Ile uliyoiandika kwanza ilipotea wapi?" Nikamwambia kwenye ya chuo. "Basi chuo kimekusaidia," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona anatabasamu.

Nilifanya mtihani, nikafaulu, nikawa mwalimu, na mpaka leo nafundisha darasa la kwanza hapahapa Muleba. Salama anachapa kadi mjini kwa mashine kubwa tatu na bado ananidai ukoko. Tangu siku ile sijawahi kukunja uso mtu akisema "ya Kemi wetu". Lakini kuhusu swali la Koku, nilikuwa nimejipanga kumjibu kama shangazi yeyote mwenye busara. Yako ina uhuru, ya chuo ina nafasi, na vyovyote vile mtu aweke nakala. Ndicho ninachowaambia walimu vijana, nao hutikisa vichwa, wanaandika, wanasahau.

Usiku wa mazishi ulipita, na asubuhi, baada ya chai, nilitoa flashi kwenye mkoba nikamwambia Koku aichomeke kwenye kompyuta yake ya chuo, maana za siku hizi hazifungwi matundu. Haikuwa ile ya zamani. Ile ilikuwa ndogo, isingebeba hata nusu ya hivi. Mzee alikuwa amehama kutoka flashi moja kwenda nyingine miaka yote hii, na bila shaka kwa njia ileile aliyoijua. Zilikuwemo harusi, hata za waliokwisha kuachana. Kwaya ilikuwemo, na sauti yake mwenyewe inagombeza sauti ya pili. KEMI RIPOTI ilikuwemo, sura zote tatu na ya nne. Chini yake yalikuwemo majina mengine niliyoyatambua moja moja, watoto wa kijiji waliopita vyuoni na kwenda kwake likizo kuchaji, hata baada ya umeme kufika, kwa sababu aliwaita. Yule muuguzi wa hospitali ya Rubya. Yule wa kilimo. Kumbe baada ya mimi kulia sebuleni kwake, hakuacha tena kitu cha mtoto yeyote kipite mlangoni bila kukishika.

"Shangazi," alisema Koku, na sauti yake ikabadilika. Alikuwa amefika chini kabisa. Jina lake lilikuwepo, na ripoti yake yote mpaka Krismasi. "Alikuja wakati nachapa. Aliniambia anataka nyimbo za Noeli tu."

Nje jirani alikuwa anapeleka ndizi msibani, anatuita kama tutafuatana. Koku alivuta kompyuta ya chuo karibu, ile inayotakiwa kurudi ikiwa tupu, na pembeni yake akaweka yangu. Akaweka kidole kwenye kipanya, akaniuliza tuanze kunakili zipi, maana ni nyingi na nyingine hazituhusu.

"Shika yote," nikamwambia.